Tembea Baada ya Kula: Ushauri kwa Mwenye Kisukari Mwenzangu

Kama una kisukari cha aina ya pili na nafasi uliyo nayo ni ya zoezi moja tu kwa siku, lifanye baada ya chakula cha jioni. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza kwa kila anayeniuliza, na wanaoniuliza ni wengi, maana hapa mtaani Temeke wananiona nikipita na raba zangu jua likishazama.

Nasema jioni kwa sababu ndipo wengi wetu tunapokula sahani kubwa kuliko zote, kisha tunaketi mbele ya televisheni mpaka usingizi utuchukue. Ule ugali au wali ukishasagwa tumboni unaingia kwenye damu ukiwa sukari. Mwili wetu hauitikii ipasavyo insulini, ile homoni inayosaidia sukari kutoka kwenye damu na kuingia mwilini, kwa hiyo sukari inabaki ikizunguka. Lakini msuli unaofanya kazi unaweza kuvuta sukari kutoka kwenye damu bila kuitegemea sana insulini. Na ukishapumzika, unaendelea kuiitikia insulini vizuri zaidi kwa siku moja au mbili, kisha nguvu hiyo inaisha. Ndiyo maana wataalamu wanatushauri tusipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi.

Kilichonishawishi mimi ni mashine ya kupimia sukari ya damu. Nilikula wali maharage nikakaa. Saa mbili baadaye ikasoma 12.4 mmol/L (kipimo cha sukari kwenye damu). Kesho yake nikapakua kiasi kilekile kwenye sahani ileile, ila nilipomaliza tu nikanawa, nikatoka kutembea hadi stendi na kurudi. Ikasoma 9.1. Vijiti vya kupimia ni ghali, najua, wala sikwambii upime kila siku. Pima mara chache kwa mtindo huo uujue mwili wako, kwani wa kwako si wangu.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yale ambayo unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Ukigawa, ni nusu saa kwa siku 5. Nusu saa nzima ikikushinda, dakika kumi baada ya kila mlo zinafaa kabisa. Ongeza mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki: kuinuka na kuketi kwenye kiti, au kunyanyua vidumu vya maji. Mwenye matatizo ya macho yatokanayo na kisukari aulize kwanza kliniki kabla ya kunyanyua vizito.

Hapa naomba unisikilize vizuri, hasa wewe unayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi. Mazoezi yanaweza kukushusha sukari kupita kiasi. Pima kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 5 mmol/L, kula kitu kwanza, hata ndizi mbivu. Mfukoni weka sukari. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba au kuchanganyikiwa, simama hapohapo, lamba vijiko vitatu vya chai vya sukari au kunywa nusu glasi ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, kisha pima tena. Sukari inaweza kushuka hata usiku, saa kadhaa baada ya kazi nzito, kwa hiyo anayelala nawe azijue dalili hizi.

Kandambili ziache nyumbani. Kisukari kinaweza kuua hisia za miguu, kokoto likakuchuna njia nzima usijue. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa, na ukirudi kagua nyayo na katikati ya vidole. Kidonda kidogo kipeleke kliniki siku hiyohiyo.

Linaloniumiza moyo ni wale wanaowaambia watu wakimbie kila asubuhi wapone, dawa watupe. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini, akiacha kuichoma anaweza kupoteza maisha ndani ya siku chache. Usikubali.

Na ukiona sukari inashuka mara kwa mara tangu uanze kutembea, usiache kutembea wala usijipunguzie dawa mwenyewe. Andika vipimo kwenye daftari, tarehe, saa na ulichokula, umpelekee daktari. Dozi yangu ilipunguzwa hivyo: alifungua kurasa moja baada ya nyingine, akauliza jioni huwa natembea saa ngapi, ndipo akashika kalamu.