Dadu na ng'ombe wa baharini
Unauliza kama hii michezo ya kuigiza mezani, ya dadu na karatasi, inaweza kumfunza mtu habari za wanyama waliotoweka? Mbona freshi tu. Mi niliwachezesha washkaji kama mabaharia waliokwama kisiwa cha Bering, mashariki ya mbali ya Urusi, mwaka 1741, njaa imewabana, na pale ufukweni kuna ng'ombe wa baharini wa Steller (ndugu yake nguva), mita kama 8 hivi, hana meno, anajilia zake mwani. Wakachoma chusa jike, nyama ikaliwa, kesho yake nawaambia dume lake limerudi palepale kumfuata (Steller mwenyewe, yule mtaalamu wa viumbe aliyekwama na mabaharia hao, aliandika hivyo), meza nzima kimyaa. Kufika 1768 ng'ombe hao wameisha, miaka 27 tu! Mmoja akaniomba arushe dadu upya.