Goti la kulia, bakora mkono wa kushoto

Wiki hii mmeuliza: "Mwenye maumivu ya magoti afanye nini kabla ya kukubali kisu?" Naomba nijibu kwa goti langu la kulia.

Miaka sita iliyopita nilipigwa picha nikaambiwa mifupa imeanza kusagana. Neno hilo "kusagana" liliniumiza kuliko goti lenyewe. Nani atatembelea kitu kinachosagika? Nikaanza kulitumia goti kwa ubahili, kama mwenye kibiriti kilichobaki njiti tatu. Mwaka ukapita nimekaa, na maumivu yakazidi.

Aliyenitoa kitini ni kijana mmoja wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi. Kabla hata ya kuligusa goti, alichukua futikamba akazungusha mapaja yote mawili. La kulia lilikuwa limepungua kwa sentimita tatu. "Mzee wangu," akasema, "hili goti halina msaidizi, msuli wa paja umesinyaa." Akanieleza kwamba gegedu, yaani ule mto laini ulio kwenye ncha za mifupa, halina mishipa ya damu; hupata chakula chake kutoka kwenye ute wa goti, na ute huo huingia na kutoka goti linapobanwa na kuachiwa, mithili ya sifongo. Kumbe kwa kukaa nilikuwa nalinyima chakula goti nililodhani nalihurumia.

Zoezi la kwanza lilinichekesha. Unakaa umenyoosha mguu, unaweka taulo iliyokunjwa chini ya goti, unaikandamiza kwa nyuma ya goti mpaka msuli wa paja ukaze, unahesabu tano, unaachia. Mara kumi. Baadaye kuinuka kitini bila kushika popote; siku ya kwanza niliweza mara mbili tu, ya tatu nikarudi chini kwa kishindo. Kuhusu maumivu alinipa kipimo kimoja: yakipanda kidogo ukifanya zoezi na kesho yake yameshashuka, endelea, yakilala nawe mpaka asubuhi, umezidisha. Wiki saba zilipita bila dalili yoyote ya nafuu. Wengi huacha hapo, nami nusura niache.

Bakora nayo nilikuwa naishika upande wa goti bovu, kama waigizaji wanavyofanya. Akaihamishia mkono wa kushoto, itangulie pamoja na mguu wa kulia. Siku hiyohiyo niliona tofauti, na nikaona haya kidogo.

Uzito sikutaka kuusikia, mpaka nilipoelezwa kwamba kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Nilipunguza kilo saba. Pigeni hesabu.

Kwa dawa, jeli ya kupaka ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, ndiyo iliyonifaa zaidi. Vidonge vya jamii hiyo nilivimeza kiholela zamani, tumbo likaniadhibu. Pia huumiza figo na kupandisha presha, kwa hiyo si vya kununua tu kwa mazoea. Sindano ya steroidi ilinipa nafuu ya wiki chache. Glukosamini, kirutubisho kinachouzwa kwa ajili ya viungo, nilimaliza chupa mbili, sikuona kitu.

Sipingi upasuaji. Goti likifika mahali hulali usiku wala huendi msalani bila kushikwa, kuwekewa jipya ni neema. Ila "kusafisha goti", yaani kuingiza kamera nyembamba kwenye tundu dogo na kuliosha goti kwa ndani, ni jambo jingine. Mwaka 2002 Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 180 wenye magoti ya namna yangu: wengine walisafishwa, wengine walichanjwa ngozi tu na kushonwa bila wao kujua. Kwa miaka miwili waliofuatiliwa, waliosafishwa hawakupata nafuu kuliko wenzao.

Lakini msinifuate kabla hamjajua mnaumwa nini. Yangu ni ya goti kuchakaa. Kama ni vidole vya mikono yote miwili vinavyovimba, na asubuhi vinakaza kwa saa nzima, huenda ni baridi yabisi ya rumatoidi, ambapo kinga ya mwili huvishambulia viungo vyake yenyewe, nayo hutaka dawa kama methotreksati mapema. Taulo haitauzuia mwili usijishambulie. Kidole gumba cha mguu kinachowaka moto ghafla usiku huenda ni jongo, yaani gauti. Na kiungo kilichovimba, cha moto, pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Goti langu bado huuma, hasa kwenye ngazi. Kupanda natanguliza mguu wa kushoto ulio mzima. Kushuka natanguliza huu wa kulia pamoja na bakora, na yeyote aliye nyuma yangu husubiri.