Kabla Hujaandika PCOS Kwenye Faili

Wadogo zangu mnaoanza kliniki ya wanawake hapa Mombasa, naanza na msichana mmoja wa Likoni, wa miaka 18. Alikuja na mamake, picha ya ultrasaundi ikiwa ndani ya bahasha iliyochakaa kwa kufunguliwa. Hata hawajaketi vizuri, mama akaniuliza: "Daktari, huo uvimbe utatolewa lini? Na mwanangu atazaa?"

Kliniki waliyotoka iliwaambia ana uvimbe kwenye mayai, yaani kwenye ovari, viungo vinavyotoa mayai. Nikamuuliza binti swali ambalo hakuna aliyemuuliza: siku zako huja vipi? Kila baada ya siku 29, akasema, hazikosi. Chunusi hana, nywele za kidevuni hana, na damu ilipopimwa androjeni, zile homoni za kiume, zilikuwa sawa. Hakuwa na PCOS (polycystic ovary syndrome, kwa maneno mengine tatizo la ovari zenye vifuko vingi). Alikuwa na ovari za kawaida za umri wake, na neno lililomkosesha usingizi miezi miwili.

Jina lenyewe linatupotosha. Stein na Leventhal, madaktari wa Chicago, walipoeleza wagonjwa wao 7 mwaka 1935, walichokiona ni ovari kubwa zilizojaa vifuko, na jina likakaa hapo. Lakini vile vifuko ni folikuli changa, vijifuko vinavyobeba yai, za milimita 2 hadi 9, zilizoanza kukua zikakwama. Hakuna cha kukata. Mwaka 2012 jopo la wataalamu huko Marekani lilipendekeza jina libadilishwe kwa sababu hiyo. Kwa hivyo neno "uvimbe" msilitamke mbele ya mgonjwa. Mimi husema: homoni zimepishana, mayai yanachelewa kukomaa.

Ili kusema ni PCOS, vigezo vya Rotterdam vya 2003, vilivyoitwa kwa jina la mji wa Uholanzi walikokutana wataalamu, vinataka mambo mawili kati ya matatu: hedhi iliyovurugika, androjeni zilizozidi (mwilini au kwenye damu), na ovari zenye folikuli nyingi. Picha peke yake haitoshi. Kwa mabinti wanaobalehe, mwongozo wa kimataifa wa 2023 unataka yale mawili ya kwanza yote, na picha haihesabiki. Halafu ondoeni kwanza ujauzito, matatizo ya thairoidi, prolaktini (homoni ya maziwa) iliyozidi, na matatizo ya tezi za adrenali zilizo juu ya figo.

Kazi kubwa iko kwenye kuuliza. Mama akikwambia hedhi yake ni ya kawaida, usiandike bado. Kama ni Mwislamu, uliza Ramadhani iliyopita alibaki na deni la siku ngapi, zile asizofunga kwa sababu ya hedhi. Kuna mmoja alinijibu kwa furaha: "Sina deni, nimefunga zote, huu mwaka wa tatu." Niliweka kalamu chini. Tulipohesabu pamoja, alikuwa anapata hedhi mara 4 au 5 kwa mwaka, na chini ya mara 8 tayari ni dalili. Kidevu nacho kikiwa laini kisikudanganye: uliza kama anatoa nywele kwa uzi, sukari au wembe, na umuulize wakati mama mkwe wake yuko nje.

Mkishapata jibu, andikeni limetokana na vigezo gani. Mwenye vitatu vyote ni aina A. Mwenye hedhi iliyovurugika na picha bila androjeni kuzidi ni aina D. Hawa hawana hatari sawa ya kisukari, na atakayelishika faili baada yako anahitaji kujua. Msimbo wa PCOS katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, ni E28.2, ulio kwenye sura ya magonjwa ya homoni. Ukiandika "uvimbe wa ovari", karani atatia N83.2, na huyo mama hataitwa kupimwa sukari wala presha. Kama bado huna uhakika, andika dalili yenyewe: hedhi ya nadra, N91.5.

Yule binti wa Likoni nilimwandikia ripoti mpya. Mamake akaisoma, akanirudishia, akaniomba niongeze mstari mmoja kwa Kiswahili, awaonyeshe nyumbani. Nikaandika: "Ovari zote mbili ni nzima," nikatia sahihi na muhuri.