Nimefanya kazi sarakasi Ujerumani, majirani zangu walikuwa ndovu

Dada umeuliza kama ni sawa kuwapeleka watoto kwenye sarakasi ya wanyama iliyopiga hema hapo kwenu Ujerumani, na mumeo anasema wale wanakula na kuogeshwa vizuri kuliko wa porini. Mi nimefanya kazi huko misimu mitatu, 2008 hadi 2010, tulikuwa vijana saba wa Mombasa tunapiga piramidi za watu na limbo ya moto, ile ya kupita chini ya fimbo inayowaka, so ntasema nilichokiona tu.

Kwanza cheka kidogo. Mi mtoto wa Kisauni, ndovu wa kwanza kumuona kwa macho yangu nilimuona Ujerumani. Tsavo iko hapo hapo njia ya Nairobi lakini nani alikuwa na pesa ya kuingia mbugani? Wazungu wanatuuliza kama kwetu tunawafuga na sisi tunashangaa kama wao. Ndovu walikuwa wanne, majike wa Asia, yule mkubwa aliletwa Ulaya angali mtoto.

Karavani yetu ilikuwa karibu na hema lao. Siku ya kwanza naona yule mkubwa anatikisa kichwa kushoto kulia kushoto kulia, nikamwambia mwenzangu ona huyu amesikia ngoma. Ngoma haikuweko. Saa kumi na moja alfajiri naenda chooni anafanya vile vile, mchana natoka mazoezini vile vile, na jioni watoto wanapiga makofi wakidhani anadensi. Mnyama akifungiwa pahali pamoja muda mrefu ndio hufanya hivyo, nilikuja kuelezwa baadaye.

Sasa watu wakiongelea haya mambo hutaka kusikia habari za wanyama kuchapwa viboko. Niseme ukweli, misimu yote mitatu sikuona mnyama akitolewa damu, na mlezi wao aliwapenda, wakiumwa alilala nao. Lakini mkononi hakosi fimbo fupi yenye ndoano ya chuma, mpini kauzungushia tepu nyeusi, akiigusisha tu nyuma ya sikio ndovu anakaa kitako. Mnyama wa tani tatu haogopi kijiti bure, kuna siku alifundishwa kukiogopa na mimi sikuweko.

Shoo yao ni dakika nane, mara mbili kwa siku. Baada ya hapo ni hemani, usiku mnyororo mguu mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, na kila wiki tunahama, wanapakiwa kwenye trela wanaenda kushushwa uwanja mwingine wa lami. Chakula kilikuweko, hapo mumeo hajakosea.

2009 nikaumia goti, nikamwambia bosi leo siruki, akanuna na pesa akanikata, lakini sikuruka. Nilikuwa na mkataba, paspoti ninayo, na msimu ukiisha naenda zangu kwetu. Yule bibi ndovu naye mwezi huo huo alikuwa anachechemea, na jioni aliingia akasimama kwa miguu miwili kama kawaida.

Na wale husema mnyama akizoea amezoea, wakumbuke Tyke, ndovu wa Afrika aliyetolewa Msumbiji, Agosti 1994 kule Honolulu alimuua mkufunzi wake mbele ya watazamaji akatoka mbio barabarani, polisi wakampiga risasi zaidi ya 80. Alikuwa amezoea miaka mingi tu.

Bolivia walipiga marufuku 2009, Ireland wanyama pori 2018, England 2020. Hapo kwenu baraza la majimbo liliomba marufuku 2003, 2011 na 2016, lakini sheria ya nchi nzima haikupitishwa, ndio maana bado unaona mabango.

Farasi siwezi kuapa, wengine niliwaona wametulia, wanatolewa nje kwenda malishoni.

2018 nilipanda SGR na mke wangu, tukapita Tsavo, ndovu wekundu wa vumbi wanakwenda na watoto wao. Mke anapiga picha, mi natazama vichwa tu, hakuna hata mmoja aliyetikisa.

Watoto wakitaka sarakasi wapeleke Roncalli, wameacha wanyama pori tangu 1991 na sasa hata farasi ni wa hologramu, yaani picha za mwanga tu. Na popote utakapokuta vijana wetu kwenye piramidi, wasubiri nje uwasalimie kwa Kiswahili, manake huko mtu humaliza mwezi mzima hajaambiwa mambo vipi.