Uliza Mvuvi: Mwanzi au fimbo ya rili?

Swali: Shikamoo mzee. Mjomba aliyeko Uingereza anataka kunitumia fimbo ya kuvulia kwa kiboya, futi 13, yenye rili (kigurudumu cha kuzungushia mshipi). Mimi huvua sato kwa mwanzi pale mawe ya Capri Point, Mwanza. Niipokee? – Kijana wa Igogo

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pokea, ila mwanzi usiutupe. Futi 13, karibu mita 4, huinua mshipi usilale majini, na rili humlegezea samaki mkubwa. Ncha yake ni nyembamba lakini. Sangara akidaka, utalia.

Muombe pia viboya vyembamba. Hivi vyetu vya kipande cha ndala huelea mno, sato akionja tu hujui. Mimi huongeza chubwi (vizito vya mshipi) ndogondogo hadi kiboya kibaki ncha tu juu ya maji.