Kishungi, undu, upanga au pembe? Jina la kilicho kichwani mwa parasaurolofusi

SWALI: Natafsiri kijitabu cha wanyama wa kale kwa watoto wa darasa la nne. Sentensi moja nimeiandika hivi: "Parasaurolofusi ilikuwa mjusi mkubwa mwenye mdomo wa bata na pembe ndefu kichwani aliyoitumia kupumulia majini." Mwenzangu anataka "pembe" iwe "undu"; mhariri anasema "upanga". Nani yuko sahihi? Na je, ni "ilikuwa" au "alikuwa", maana mnyama mwenyewe hayupo tena?
Mfasiri, Morogoro

JIBU: Tuanze na lililo jepesi. Ni "alikuwa". Kiumbe hakitoki katika ngeli ya A-WA kwa sababu kizazi chake kimetoweka. Parasaurolofusi ni dinosaria, nasi husema: dinosaria mmoja alikula, dinosaria wawili walikula. Kinachobadilisha upatanisho ni jina unalolitumia. Ukisema "kisukuku", yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa mwambani, upatanisho ufuate kisukuku: kisukuku cha kwanza cha parasaurolofusi kilichimbuliwa Alberta, Kanada, mwaka 1920, na mtaalamu wa visukuku William Parks akampa mnyama huyo jina mwaka 1922. Kosa linaloonekana mara nyingi ni "dinosaria alichimbuliwa", kana kwamba alitolewa shimoni akiwa mzima.

"Mjusi" nalo liondoe. Najua limezoeleka, hata mifupa ya Tendaguru, Lindi, iliyopelekwa Berlin kabla ya Vita Kuu ya Kwanza huitwa "mjusi" mpaka leo. Mitaani halina ubaya, ila kijitabu cha kufundishia kisimwambie mtoto kwamba dinosaria ni mjusi, kwa kuwa wako katika koo mbili tofauti. Ndege ndio jamaa wa karibu wa dinosaria, si mijusi.

Sasa kichwani. Maneno yote matatu mnayobishania ni Kiswahili safi, lakini kila moja linabeba picha yake. Undu na upanga ni ile nyama nyekundu ya utosini mwa jogoo. Undu limo kwenye kamusi, lakini mtoto wa darasa la nne huenda hajawahi kulisikia. Upanga analijua mno, naye atamwona mnyama aliyekwenda vitani. Pembe ndiyo inayopotosha zaidi, kwa sababu Mswahili akisikia mnyama ana pembe hungoja kusikia amempiga nani. Kile kitu hakikuwa silaha. Ni mifupa ya pua na ya taya la juu iliyorefuka, ikapita juu ya utosi na kuchomoza nyuma ya kisogo. Kwa yule wa Alberta, fuvu pamoja na kitu hicho lina urefu wa takriban mita 1.6, na ndani mna mirija. Kwa mnyama wa kwetu, aliye karibu naye kidogo ni ndege hondohondo, ambaye kile kilicho juu ya mdomo wake huonekana kizito kumbe kwa sehemu kubwa ni uwazi mtupu.

Ningeandika "kishungi cha mfupa" mara ya kwanza, kisha "kishungi" peke yake. Utasema kishungi ni nywele au manyoya ya utosini. Kweli, lakini tazama jina la kisayansi lilivyoundwa. Sehemu yake ya mwisho ni neno la Kigiriki "lophos", nalo Wagiriki walilitumia kwa manyoya ya utosini mwa ndege na kwa shada la kofia ya askari. Wataalamu walilitoa kwenye manyoya wakalipeleka kwenye mfupa, na hakuna aliyelalamika. Kishungi kinaweza kusafiri njia hiyohiyo, ilimradi "cha mfupa" liwepo mwanzoni kumwondolea msomaji manyoya. Angalia pia kwamba ukibadili jina, sentensi nzima inabadilika: pembe "aliyoitumia", lakini kishungi "alichokitumia".

Hapo tunafika kwenye "kupumulia majini". Sarufi yake haina kasoro. Kasoro iko kwenye habari. Dhana kwamba mnyama alizama na kuchomoza ncha ya kishungi apate hewa ilivuma zamani, lakini ncha ile haina tundu. Hewa iliingia puani, ikapanda kwa mirija hadi mwisho wa kishungi, ikageuka na kushuka kuelekea kooni. Maelezo yenye nguvu zaidi leo ni kwamba mirija ilikuza sauti, na huenda kishungi kiliwasaidia pia kutambuana kwa macho. Mwaka 1931 mtaalamu mwingine, Carl Wiman, aliita spishi ya New Mexico "tubicen", yaani mpiga tarumbeta kwa Kilatini, na mwaka 1981 mwenzao David Weishampel akachambua jinsi mirija ile ingeweza kutoa sauti nzito.

Kitenzi je? Kunguruma kumeshachukuliwa na simba, na kuwika ni kwa jogoo. Tumia "kulia", kitenzi kinachomfaa mnyama na ala pia. Ndiyo maana mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Ukitaka mfano, usihangaike na tarumbeta: siwa, ile baragumu kubwa ya Lamu na Pate, inatosha kabisa. Mrija ukiwa mrefu, sauti huwa nzito. Kwa hiyo mtoto wa parasaurolofusi, ambaye kishungi chake kilikuwa kinundu tu, huenda alilia kwa sauti nyembamba kuliko mamaye.

Limebaki "mdomo wa bata", ambalo latosha kurekebishwa kwa neno moja: "kama". Bata huchuja tope. Huyu alikata majani na vitawi kwa mdomo bapa usio na meno mbele, akavisaga kwa mamia ya meno yaliyopangwa kwa safu nyuma ya taya, moja likilika jingine likipanda. Maneno "mdomo wa bata" yaliwahi kuwafanya hata wataalamu wamweke ziwani, ilhali aliishi nchi kavu, akitembea kwa miguu minne au miwili.

Wingi usiuwekee ma-: andika "parasaurolofusi wengi". Na sentensi yako iwe hivi: "Parasaurolofusi alikuwa dinosaria mkubwa mla majani, mwenye mdomo bapa kama wa bata na kishungi kirefu cha mfupa chenye mirija ndani, ambayo huenda iliukuza mlio wake." Ukiiona ndefu kwa darasa la nne, ikate baada ya "bata", uanze upya na "Kichwani alikuwa na kishungi…"