Maji ya Chini Kabisa Yametoka Wapi? Maswali Yenu Kuhusu Bahari za Ncha

Katika toleo lililopita tulidokeza kwamba maji yanayozama karibu na Antaktika hufika hadi upande wetu wa Bahari ya Hindi. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia. Tunajibu tano.

Mimi nimezaliwa Likoni na bahari ile naijua tangu utotoni. Maji yake ni vuguvugu. Mnathibitishaje kwamba yaliyo chini yametoka kwenye barafu? — Msomaji, South B

Uliyoogelea ni ngozi ya bahari tu, ndugu yetu. Ukishuka hadi mita 5,000 katika Bonde la Somalia, mashariki ya pwani ya Kenya, joto ni karibu nyuzi 1. Baridi hiyo haikuzaliwa hapa. Kaskazini, Bahari ya Hindi imezibwa na bara la Asia, kwa hiyo upande huo hakuna mahali ambapo maji hupoa kiasi cha kuzama mpaka sakafuni. Mlango wa baridi uko kusini.

Kwenye kingo za Antaktika, hasa Bahari ya Weddell na Bahari ya Ross, upepo husukuma barafu mbali na pwani na kuacha maji wazi, nayo huganda upya, yakasukumwa tena. Maji ya bahari huganda yakifikia karibu nyuzi -1.9, na barafu inapojijenga hutema sehemu kubwa ya chumvi yake. Yanayobaki chini huwa baridi, yamekolea chumvi, mazito. Huteremka mteremko wa bara na kutambaa kaskazini yakifuata mabonde ya sakafu, maana mlima wa chini ya bahari hayaupandi, yanauzunguka. Kuja kwetu hupita mashariki ya Madagaska, hujipenyeza kwenye Mlango wa Amirante karibu na Shelisheli, ndipo yanaingia Bonde la Somalia.

Uthibitisho wa kwanza ni grafu rahisi: chumvi kwenye mstari wa chini, joto kwenye mstari wa wima. Kila aina ya maji huwa na kona yake. Aina mbili zikichanganyika, vipimo hujipanga kwenye mstari ulionyooka kati ya kona hizo, na nukta zikipinda, ujue kuna mgeni wa tatu. Hapo ndipo joto na chumvi peke yake hushindwa, na alama nyingine zinahitajika.

Ni fundi wa maabara. Chupa inashushwaje kilomita tano ilete maji ya huko tu, yasichanganyike na ya juu? — Ngara

Chupa hushuka ikiwa wazi juu na chini, maji yakipita ndani yake kama kwenye bomba. Kwa kawaida chupa 24 za lita 10 au 12 hupangwa kwa duara kwenye fremu ya chuma, na katikati kuna vipimio vya joto, chumvi na kina vinavyotuma habari melini kupitia waya. Winchi huteremsha kwa karibu mita 60 kwa dakika, maana yake saa moja na nusu kwenda tu. Fremu husimamishwa kama mita 10 juu ya sakafu. Chupa hufungwa wakati wa kupanda, si wakati wa kushuka: fremu husimama kwenye kina kilichochaguliwa, inasubiri nusu dakika hadi dakika moja ili maji yaliyoburutwa kutoka chini yajiondokee, kisha umeme hufyatua vifuniko.

Ikifika sitahani, jambo la kwanza ni kupima uvujaji. Usiguse skrubu ya hewa iliyo juu. Fungua koki ya chini kwanza. Chupa iliyoziba sawasawa haitoi maji, kama mrija wa soda uliozibwa juu kwa kidole. Yakichuruzika, hewa inaingia mahali fulani, kwa hiyo andika namba ya chupa na usiiamini.

Kisha utaratibu hauchezewi: gesi kwanza, chumvi mwisho. Kila lita inayotoka hupisha hewa iingie, na hewa huharibu vipimo vya gesi kabla ya kitu kingine chochote. Kwa oksijeni, mpira wa kuchotea hufika mpaka kitako cha chupa ndogo ya kioo, maji huachwa yafurike kiasi cha ujazo mara tatu, bila povu hata moja. Papo hapo huongezwa mililita moja ya mchanganyiko wa manganizi na mililita moja ya iodaidi yenye alkali, kizibo hukazwa, chupa hutikiswa. Tope la kahawia linalojitokeza ndilo limeshika oksijeni. Baadaye asidi ya salfa huliyeyusha na iodini iliyoachiliwa hupimwa kwa kuongeza thiosalfeti tone kwa tone hadi rangi itoweke. Haya yote hufanyika melini. Ungebeba maji yenyewe hadi Nairobi na kuyafungua hapa, juu ya mita 1,700, ambapo shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja ya sita ya lile la ufukweni, gesi ingeanza kuyatoka na ungekuwa unapima hewa ya Ngara.

Chumvi haina haraka hiyo. Chupa yake husuuzwa mara tatu kwa maji yale yale, hufungwa, na huachwa maabarani mpaka ipate joto la chumba. Ukiipima ikiwa bado baridi, namba itayumba.

Baridi ya ncha nayo ina vituko vyake. Hewa ikiwa nyuzi -20, maji huganda kwenye koki ndani ya dakika chache, na yakigandia ndani ya kipimio cha chumvi, kioo chake hupasuka. Ndiyo maana meli za huko huingiza fremu nzima kwenye chumba chenye joto mara inapotoka majini.

Barafu ikiyeyuka hutoa maji matamu, na mito pia. Katika Bahari ya Aktiki mnayatenganishaje? — Mwalimu wa hesabu, Buruburu

Swali hili limetufurahisha, mwalimu, kwa sababu jibu lake ni milinganyo mitatu unayoweza kuipeleka darasani kesho.

Oksijeni iliyo ndani ya maji yenyewe huwa na atomu za kawaida na chache nzito, za oksijeni-18. Maji yenye atomu hizo nzito hunyesha mapema, kwa hiyo mvua na theluji za kaskazini hufika zikiwa zimepungukiwa. Kipimo ni tofauti na maji ya bahari ya kawaida, ambayo ni 0; hasi maana yake atomu nzito ni chache zaidi. Mito ya Aktiki husoma karibu -20 kwa elfu, maji ya Atlantiki karibu +0.3, na barafu ya bahari, kwa kuwa imeganda kutokana na maji ya bahari, haiendi mbali na hayo. Tuchukue +1. Chumvi, gramu kwa kila kilo: Atlantiki 35, mto 0, barafu 4.

Sasa sampuli yako ina chumvi 32.43 na oksijeni-18 ya -1.75. Sehemu zote tatu zijumlishwe ziwe 1, chumvi zijumlishwe ziwe 32.43, oksijeni-18 iwe -1.75. Utapata Atlantiki 0.93, mto 0.10, barafu -0.03. Wanafunzi watasema wamekosea. Hawajakosea. Hasi maana yake barafu iliganda hapo ikaondoka: katika kila lita 1,000 za maji haya, lita 100 ni za mto, na lita 30 zimekwenda zao zikiwa barafu.

Udhaifu wa njia hii uko kwenye namba za kuanzia. Mito haifanani, wala barafu, na ukibadilisha ile -20, majibu nayo yanasogea. Chupa isiyofungwa vizuri nayo hudanganya: maji mepesi huvukiza kwanza, yanayobaki yanaonekana mazito kuliko yalivyokuwa.

Umri wa maji unajulikanaje? — Mwanafunzi, Kahawa West

Kwa vitu tulivyomwaga sisi wenyewe. Gesi za CFC, za friji na makopo ya kupulizia, zilianza kutumika miaka ya 1930, na kiasi chake hewani kwa kila mwaka kinajulikana. Maji yakiwa juu huzivuta, yakizama huondoka na kiasi cha mwaka ule. Tatizo ni kwamba baada ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kiasi hicho kilifika kilele na kuanza kushuka, hivyo kipimo kimoja kinaweza kuwa na tarehe mbili. Ndiyo maana hupimwa pamoja na SF6, gesi ya swichi za umeme mkubwa, ambayo bado inapanda. Mahali ambapo CFC haipo kabisa, huamua kaboni-14, kaboni yenye mionzi ambayo hupungua nusu kila miaka 5,730.

Kwenye ncha kuna mtego: barafu ni kifuniko. Maji yakizama kabla hayajashiba gesi, huonekana makongwe kuliko yalivyo. Na friji ya zamani yenye CFC ikivuja jikoni melini, sampuli za siku nzima zinaweza kwenda na maji.

Kwa Aktiki kuna iodini-129, inayotoka viwanda vya kuchakata mabaki ya nyuklia vya Sellafield, Uingereza (kilichoacha kuchakata mwaka 2022), na La Hague, Ufaransa. Hupanda na mkondo kandokando ya Norwei mpaka Aktiki. Maji yanayoingia kutoka Pasifiki kupitia Mlango wa Bering, wenye kina cha mita 50 hivi, karibu hayana. Haya ya Pasifiki hutambuliwa kwa fosfeti nyingi ikilinganishwa na nitrati.

Je, mbinu hizi zinafaa kwa kisima? Nimechimba Kitengela. — Msomaji

Zinafaa. Omba kipimo cha tritiamu, yaani hidrojeni nzito yenye mionzi. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliijaza mvua tritiamu kuanzia miaka ya 1950. Kisima chako kisipokuwa nayo, maji unayoyavuta yalinyesha kabla ya hapo, na mvua ya mwaka huu haiwahi kuyarudisha.